Sahihi Yangu kwenye Karatasi ya Mwalimu wa Kiingereza

Karatasi ililetwa nyumbani ikiwa imekunjwa mara nne, imefichwa katikati ya daftari la jiografia. Mimi karatasi iliyokunjwa mara nne siiamini.

"Bibi, weka dole hapa," mjukuu wangu akaniambia. Wino alikuwa nao tayari, amekamua bomba la kalamu kwenye kifuniko cha chupa. Kilichokuwa kinangojwa ni kidole changu.

"Dole la nini? Mimi naandika jina langu."

"Kitu kidogo tu, bibi. Wazazi wote wanaweka."

"Mke mwenzangu," nikamwambia, maana tunaitana hivyo, marehemu babu yake alituoa wote wawili, mimi kwa mahari na yeye kwa peremende, "anayeniharakisha kuweka dole ana jambo lake. Lete hapa."

Akaleta. Upande mmoja ulikuwa wa Kiingereza, na huo ndio alioulaza juu. Nikaigeuza. Upande wa pili ulikuwa wa Kiswahili, umechapwa vizuri, herufi kubwa za kutosha macho yangu. Mtoto akashusha pumzi na kwenda kuosha vyombo bila kuambiwa, na hapo nikajua nimeshika kitu.

Shule sikusoma sana. Nilisoma darasa la kwanza na la pili huko kwetu karibu na Ruvuma inapoingilia baharini, nikasoma na chuo cha Kurani, basi. Kuandika nilijifunzia ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, nina mtoto mgongoni. Nasoma polepole, kidole chini ya mstari. Lakini ninachokisoma nakimaliza. Karatasi ile niliianza baada ya sala ya alasiri, na nilipofika mwisho sufuria zote zilikuwa zimeoshwa na zimeanikwa.

Juu iliandikwa kwamba haya ndiyo mambo ambayo mwalimu anayatarajia katika somo la Kiingereza, kidato cha tatu, na hizi ndizo sheria zake. Zilikuwa kumi na moja. Nimeona karatasi nyingi za shule katika maisha yangu, za wanangu sita na za wajukuu, na nyingi zinadai: leteni fagio, leteni jembe, leteni hiki na kile. Hii haikudai kitu cha mkononi. Ilitaka watu wawe namna fulani.

Sheria ya kwanza ilisema kila mtu awe ndani kabla ya kengele, atakayechelewa aandike jina lake mwenyewe pembeni mwa ubao. Ya tatu ilinifanya niirudie: hakuna kumcheka anayekosea; mwenye kujua anyooshe mkono, asahihishe kwa adabu. Ya tano ilihusu simu, ikilia inawekwa mezani kwa mwalimu mpaka kipindi kiishe. Na ya kumi na moja, ambayo niliisoma mara tatu, ilisema kwamba sheria hizi zinamhusu pia mwalimu, na mgeni yeyote atakayeingia darasani humo.

Nikaweka karatasi chini. Mimi mwenyewe ni mtu wa sheria. Nabangua korosho tangu sijaolewa, na nimewafundisha kazi hiyo wanawake wengi hapa Mtawanya. Sheria zangu wanazijua: huongei na mwenye rungu mkononi, hupangusi uso kabla ya kunawa, hushiki ganda kabla ya kupaka jivu viganjani, na huigusi korosho ya pili wakati ya kwanza bado ina ganda. Aliyezivunja ana kovu, kwa sababu yale mafuta ya ganda la korosho hayana huruma na ngozi ya mtu. Lakini sikuwahi kuongeza sheria inayosema na mimi zinanihusu. Nilijiona niko juu ya sheria zangu. Huyu mwalimu, ambaye nilikuwa sijamwona hata kisogo, alijifunga kamba ileile aliyowafungia watoto wa watu.

"Kumbe nini ulichokuwa unanificha?" nikamwuliza mjukuu wangu. "Hizi sheria ni nzuri."

"Hujaona ya saba na ya tisa."

Nilikuwa nimeziona. Ya saba ilitaka kila mwanafunzi asome Kiingereza kwa sauti nyumbani, robo saa kila siku, mbele ya mtu mzima. Kwenye karatasi nyingine yenye mistari ataandika tarehe na kurasa alizosoma, na yule aliyemsikiliza atie sahihi. Chini yake palikuwa na maneno haya: msikilizaji si lazima ajue Kiingereza. Ya tisa ilisema yatakayoandikwa kwenye karatasi hiyo yawe ya kweli. Mwenye kudanganya atahamishiwa mkondo B.

Mkondo B haukuwa na mwalimu wa Kiingereza. Shule ile ina mwalimu mmoja wa somo hilo kwa kidato cha tatu, na darasa lake lilikuwa limejaa. Wale wa mkondo B walinakili ubaoni vilivyoachwa na wenzao, na kila mmoja wao alikuwa anamezea mate kiti cha mkondo A. Mjukuu wangu alishawahi kurudia kidato cha pili kwa sababu ya Kiingereza hichohicho. Safari hii alipata kiti mstari wa pili, karibu na dirisha. Anataka kuwa nesi. Kutoka mkondo B hajamwona hata mmoja aliyefika huko.

"Sasa unaogopa nini? Utasoma, nitasikiliza, nitatia sahihi."

"Utanisumbua, bibi."

"Nitakusumbua sana," nikamwambia, nikaandika jina langu lote, herufi moja moja.

Tukaanza. Kila siku baada ya alasiri nilikaa uani na jiwe langu, na gunia la korosho kutoka shamba letu la Mpapura, nilizokwisha kuzichoma. Yeye alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, kitabu magotini. Siku za mwanzo alisoma kama mtu anayetembea juu ya matumbawe bila viatu. Aliguna, alisimama, alirudi nyuma. Mimi Kiingereza sijui hata cha kuombea maji, lakini sikio ninalo. Chuoni tulisoma Kiarabu ambacho hatukukijua, na mwalimu wetu, akiwa amefumba macho, alimjua aliyeteleza. Nami nilijifunza kumjua.

"Hapo umeteleza. Rudia."

"Umejuaje, bibi?"

"Rudia."

Wiki ya kwanza ikapita hivyo. Alipoanza kwenda vizuri, nikafurahi, na furaha ile ndiyo iliyotuponza. Nilimwambia, "Sasa nataka usome bila kitabu." Kwa sisi tuliokaa kwenye mkeka wa chuo, mtoto aliyeweka sura kifuani ndiye aliyesoma. Mwenye kutazama msahafu bado yuko njiani. Sikuona kwamba nimeongeza sheria ya kumi na mbili kwenye sheria za mtu mwingine.

Mjukuu wangu akaikamata kazi. Kurasa tatu za kwanza za kitabu chao alizihifadhi zote. Akawa anazitoa kifuani huku anachambua dagaa, huku anafagia, macho yako kwingine, kitabu kimelala. Sauti inapanda panapostahili, inashuka panapostahili. Jirani yangu alipita na ndoo, akasimama.

"Mwenzangu, huyo ni wako huyo?"

"Wa kwangu."

"Ebu! Kama redio!"

"Redio inahitaji betri," nikamjibu, nikaendelea kubangua kichwa kikiwa juu. Wiki tatu nilitia sahihi kila siku, na kila siku kwenye karatasi mtoto aliandika: ukurasa wa kwanza hadi wa tatu.

Halafu siku moja akarudi kutoka shule. Chakula hakula. Akanipa barua, na safari hii ilikunjwa mara moja tu. Mlezi aje shuleni kesho, saa nne.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Umedanganya?"

"Bibi, wallahi sijadanganya!" Akaanza kulia, mtoto mkubwa yule, mrefu kuliko mimi. "Mwalimu kaniuliza hadithi ya kurasa zile inasemaje. Nikaanza kumsomea. Akanisimamisha katikati, akauliza, huyo mtu kafanya nini? Nikashindwa. Nikaanza tena mwanzo. Kanisimamisha tena. Nikaanza tena mwanzo."

"Wenzako wakacheka?"

"Hawaruhusiwi kucheka."

"Basi hilo nalo ni jambo," nikasema, lakini usiku ule sikulala vizuri.

Asubuhi nikajifunga khanga zangu za kutokea, nikaenda kwa miguu. Mwalimu nilimkuta ofisini kwao, kwenye meza ya pembeni iliyojaa madaftari. Mwanamke mdogo, sidhani kama alikuwa amefika thelathini, mgeni wa kutoka mikoa ya juu. Akasimama aliponiona, akanipa kiti chake, akachukua stuli.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeitwa, nimekuja."

Akaniwekea karatasi mbele. Sahihi zangu zilishuka mstari baada ya mstari, zote zimepinda upande mmoja.

"Bibi, sahihi hizi ni zako?"

"Zangu zote."

"Hujamtilia siku moja kwa ajili ya wiki nzima? Wapo wanaofanya hivyo."

"Mimi sifanyi hivyo. Kila siku alisoma, kila siku nilisikiliza, ndipo nikaandika."

"Basi niambie, hadithi hiyo inahusu nini?"

Nikaitafuta hadithi kichwani. Wiki tatu niliisikiliza hadithi ile. Nilijua inapopanda na inaposhuka, ningeweza kuivumisha kama kaswida. Lakini sikujua kama ni habari ya mtu au ya mbuzi.

Nimekemewa na watu wakali maishani. Mwalimu huyu hakunikemea. Alingoja tu, mikono magotini, na kule kungoja kwake kulinikaa vibaya kuliko maneno. Nikamwambia ukweli. "Mwanangu, kosa ni langu. Mimi nilimwambia asome bila kitabu. Kwetu anayeweka kifuani ndiye tunayemsifu. Wewe hukuandika hivyo, mimi niliongeza."

"Kuhifadhi si kosa, bibi. Ila mimi nataka akielewe anachokisoma. Mtihani wa mwisho hautauliza ukurasa wa kwanza."

"Nimekuelewa."

"Lakini sheria ya tisa iko palepale. Kuna watoto wa mkondo B wanaosubiri kiti. Nikimwachia huyu kwa sababu bibi yake kaja kistaarabu, kesho nitawaambia nini wengine?"

Nasema kweli, niliogopa, na papo hapo nikampenda. Nilikuja na maneno ya kumlainisha. Nilikuwa nimefunga na korosho ndani ya kitambaa, nyeupe, nzima nzima, za kumpa. Nikazisukuma chini ya kiti kwa mguu. Mtu kama yule humpelekei korosho siku ya kesi.

Nikaivuta karatasi, nikaweka kidole kwenye mstari, nikasoma taratibu kama kawaida yangu. "Sheria ya tisa inasema yaliyoandikwa yawe ya kweli. Hapa kaandika nini? Ukurasa wa kwanza hadi wa tatu. Kesho yake? Wa kwanza hadi wa tatu. Siku zote hizo. Mwanangu, mwongo angebadilisha namba. Angeandika wa nne, wa kumi, wa ishirini, nami ningetia sahihi, kwa sababu sijui. Huyu kaandika alichokisoma. Mjinga, sawa. Mimi bibi yake mjinga zaidi. Lakini mwongo hayupo kwenye karatasi hii."

Mwalimu akaivuta karatasi upande wake. Akaisoma tangu juu mpaka chini, na sikuona haraka usoni mwake. Mwalimu mwenzake alimwita kutoka mlangoni, akanyoosha kidole kimoja kumwambia angoje.

"Ni kweli," akasema mwisho. "Hajaivunja ya tisa. Nilikosea."

Hivyo tu. Alisema nilikosea, na meza za walimu wenzake ziko pale, wanasikia. Nimeishi na wanaume na wanawake wenye vyeo, na neno hilo nimelisikia mara chache.

"Lakini bado sijui kama anaelewa," akaendelea. "Na kama haelewi, kiti hiki hakimsaidii, kinamfaa mwingine. Tufanye hivi, bibi. Nitampa hadithi mpya. Atakusomea wewe na kukueleza kwa Kiswahili. Alhamisi ijayo, kipindi cha pili, wewe utakuja darasani utusimulie. Ukiijua, nitajua yeye kaielewa. Usipoijua, atahamia mkondo B."

"Nisimulie mimi?"

"Wewe."

"Mbele ya watoto?"

"Sheria ya tatu itakulinda, bibi."

Nikaondoka. Korosho nilizichukua.

Hadithi mpya ilikuwa ya mwokaji mikate. Siku ya kwanza mjukuu wangu alisoma mstari wa kwanza, nikainua rungu. "Hapo anasema nini?"

"Kulikuwa na mwokaji mikate katika mji mdogo."

"Endelea."

Akasoma mstari wa pili. "Hapo?"

Akausoma tena kwa Kiingereza.

"Hapo anasema nini?"

"Sijui neno hilo."

"Basi ganda bado liko juu yake. Hatuendi mbele."

Akaingia ndani na kutoka na kamusi aliyoazima kwa mwenzake, imekatika jalada. Siku ile tulimaliza mistari sita. Siku ya pili alinuna. Siku ya tatu tukagombana hasa, na hapo ndipo kazi ilipoanza kwenda.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwokaji aliugua homa, alipopona pua ikawa haisikii harufu. Akawaficha wateja jambo hilo. Nilipofika hapo nikatupa rungu chini.

"Uongo huo! Mwokaji asiyesikia harufu? Mikate ingemuungulia siku ya kwanza!"

"Haikuungua, bibi."

"Itaachaje kuungua? Mimi napika tangu nina miaka saba. Pua ndiyo jicho la jiko."

"Alikuwa na njia yake!"

"Njia gani? Umeitunga wewe."

"Sijatunga!" Akasimama, kitabu mkononi, akanisomea Kiingereza kwa hasira, anapiga ukurasa kwa kidole kama karani wa mahakama. Halafu akakitoa kwa Kiswahili bila mimi kuuliza. "Imeandikwa, alikuwa anaimba. Akiingiza mikate anaanza wimbo. Wimbo ukiisha, mikate imeiva. Umesikia?"

"Wimbo ukiwa mrefu je?"

"Ni uleule kila siku, bibi! Ndiyo maana mtoto wa jirani akagundua!"

"Mtoto gani? Hujaniambia habari ya mtoto."

"Kwa sababu hunipi nafasi!"

Akakaa. Akasoma mbele haraka haraka kimoyomoyo, apate la kunishindia, kisha akanieleza. Sikumwambia kitu, ila niliona kwamba hakuwa ameanza mwanzo. Aliingia katikati ya hadithi na hakupotea. Tangu siku ile nilikuwa nabisha kila kitu. Mara nyingine nilibisha kwa kuwa sikukubali kweli, mara nyingine kwa kuwa nilimwona akibishiwa anakimbilia kitabuni. Jirani alipita tena na ndoo yake.

"Siku hizi redio inapiga kelele," akasema.

"Inapokea simu za wasikilizaji," nikamjibu.

Alhamisi ikafika. Nilikaa kwenye dawati la mbele, magoti yamekaribia kidevu, watoto wamenizunguka kwa mashati yao meupe. Kengele ililia mwalimu hajaingia. Alikuja muda kidogo baadaye, ameitwa kwa mkuu wa shule, anatweta. Alikwenda moja kwa moja pembeni mwa ubao, akachukua chaki, akaandika jina lake. Hakuna mtoto aliyeshangaa. Walikuwa wameshazoea. Mimi ndiye niliyegeuka kuangalia nyuso zao, nikidhani kuna mtu atanong'ona, lakini walikuwa wanafungua madaftari.

"Leo tuna mgeni," akasema. "Bibi, karibu."

Nikasimama. Nikaiweka khanga sawa mabegani. Nimesema mbele ya harusi na misiba, lakini mbele ya ubao sijasimama tangu nimeacha darasa la pili. Mjukuu wangu mstari wa pili alikuwa hajainua macho. Daftari lake lilikuwa limefungwa, amelishika kwa mikono miwili.

Nikaanza. Kulikuwa na mwokaji mikate katika mji mdogo. Nikasema homa, nikasema pua, nikasema alivyoogopa wateja watamkimbia. Nikafika kwenye wimbo, na hapohapo simu yangu ikalia ndani ya khanga. Ni mama mmoja wa Ufukoni anayeniwekea samaki, changu wakishushwa lazima anipigie. Kile kisimu changu cha tochi kina mlio wa kuamsha wafu. Nikaizima. Watoto wakauma midomo.

Mwalimu akanyoosha mkono, kiganja juu. "Sheria ya tano, bibi."

Nikamtazama. Na umri wangu huu. Akanitazama na yeye, hana kiburi na hana hofu. Nikampa. Akaiweka mezani, juu ya simu ya mtoto mwingine iliyolia kabla ya yangu. Nikasema ndani ya moyo wangu, huyu angenifaa kwenye kubangua.

Nikaendelea. "Siku moja mwokaji akaamka koo limekauka, hawezi kuimba. Mikate iko motoni. Akamwita yule mtoto wa jirani, akamwambia, niimbie. Mtoto akaimba, na mikate ikaiva."

Watoto wakatazamana. Mwalimu alikuwa anaangalia watu wake. Nikajua pana mahali nimekosea, lakini sikujua ni wapi. Kuna watu wa mtaani hadi leo wanasema nilikosea makusudi. Sikukosea makusudi. Niliiamini nilivyoisema, ndivyo ilivyonikaa kichwani.

Mstari wa pili mkono ukanyooka.

Mjukuu wangu akasimama. Akasema kwa Kiingereza, si kwa sauti ile ya kupanda na kushuka. Ilikuwa sauti ya kawaida, yenye kukwama, akatafuta neno, akalipata, akaendelea. Mwalimu akamwuliza kitu, kwa Kiingereza vilevile, akamjibu. Akamwuliza tena. Hapo alifikiri kidogo, macho dirishani, akajibu kwa maneno mengi zaidi, na wawili watatu nyuma yake wakatikisa vichwa kukubali. Kisha akanigeukia.

"Bibi, samahani. Hakumwita. Mwokaji hakumwambia mtu, alikuwa anaona aibu. Mtoto alipita tu asubuhi, akasikia kimya, akajua. Aliingia akaimba bila kuombwa. Hapo ndipo mwokaji alipoelewa kwamba siri yake inajulikana siku nyingi, na hakuna aliyemcheka."

"Kumbe," nikasema.

"Ndiyo, bibi."

"Basi umenisahihisha kwa adabu. Asante."

Mwalimu alikuwa ameegemea meza yake, mikono imekunjwa kifuani. Akamwambia mjukuu wangu kwa Kiswahili, nadhani ni kwa ajili yangu, "Kaa. Hicho ni kiti chako."

Mtoto akakaa. Alikaa vizuri, mgongo umenyooka, akafungua daftari. Nami nikarudi kwenye dawati langu dogo, maana kipindi kilikuwa hakijaisha na simu yangu ilikuwa mezani. Nilisikiliza mpaka mwisho. Sikuelewa neno, lakini niliona mtoto mmoja akikosea na mwingine akinyoosha mkono, na aliyekosea akasahihishwa na kuandika, bila kuinamisha uso kwa aibu.

Kengele ilipolia nikaenda mezani, nikapanga foleni nyuma ya yule mwenye simu ya kwanza. Mwalimu akanipa yangu kwa mikono miwili. Nami nikamwachia kile kitambaa cha korosho. Kesi ilikuwa imekwisha.

"Nzima zote," nikamwambia. "Hakuna kipande humo."

Jioni ile, kabla ya magharibi, nilikaa uani na jiwe langu. Mjukuu wangu akaketi kwenye kibao chake, akafungua hadithi nyingine, akasoma mstari mmoja.

Nikainua rungu. Kabla sijasema, akainua mkono wake na yeye.

"Ngoja, bibi. Bado sijaimenya."

Nikangoja.